Kitanda ya Tenke

Dilala, Kolwezi, tarehe 3 mwezi wa tatu 1974

Tata Ntumba,

Tuko bazima. Batoto bote bane banakula, banagombana, banalala. Ntumba wetu mukubwa alikuwa wa tatu mu darasa. Basi, salamu zimekwisha.

Niambie: kitanda iko wapi?

Usifanye kama haujui. Jana siku ya posho, Jumamosi, nilikuwa ninashona nguo ya mama Tshiela ya Pasaka, mutu mumoja akabisha. Suti ya abacost ya rangi ya majivu, viatu vya kung'aa, mukoba ya ngozi. Nilizani ni mutu wa parti ya Serikali. Akasema jina yake ni citoyen Badibanga, namna Serikali inataka tuitane, yeye ni encaisseur, kazi yake kutoza madeni ya zamani. Unakumbuka ile duka ya Mugiriki pale mujini, yenye tulikuwa tunasimama inje kuangalia bitu mu kioo? Serikali iliitoa kwa Mugiriki, ikaipatia mutu mupya. Yule mupya alikuta mu stoo sanduku muzima ya karte za mukopo, za miaka kumi, zimeliwa na panya. Sasa Badibanga anazunguka nazo mulango kwa mulango, na sehemu ya kila kitu anatoza ni yake.

Akasema: "Ninatafuta Kabongo Stanislas." Nikamuambia hapa hakuna Stanislas, majina ya Kizungu Serikali iliikataza, hapa kuna Kabongo tu, na ba Kabongo mu Kolwezi hawahesabiki. Alicheka. Akatoa karte. Tata Ntumba, mi ninajua kusoma. Ni mwandiko yako, na ile K yako yenye mukia murefu. Numero yako ya kazi ya wakati ulikuwa ku mugodi. Na chini yake: kitanda ya chuma ya batu babili, ya resori za chuma, na matela, godoro yake. Tarehe 17 mwezi wa kumi 1964. Tampo tano, ni kusema ulilipa miezi mitano. Kisha hakuna kitu.

Mi ulinioa mwezi wa munane 1965. Ulinilaza juu ya nini? Juu ya mbao za masanduku ya baruti, ulizipigilia misumari weye mwenyewe, ukaniambia: "Vumilia, bibi yangu, kitanda ya kweli itakuja." Karibu miaka tisa mi ninavumilia. Kumbe kitanda ilikwisha kuja zamani, ilienda kwa mungine!

Kwetu hata mutoto mudogo anajua. Mwanaume anaweza kununulia dada yake kitambaa, mama yake blanketi, rafiki yake bisikleti. Kitanda ya batu babili anainunulia bibi yake tu. Mama Tshiela alisikia yote, aliacha nguo yake ku meza akakimbia kwenda kutangaza. Leo ku misa banawake balikuwa bananiangalia na huruma. Mi, Bilonda, kuonewa huruma!

Ni nani huyo?

Bilonda


Mutshatsha, tarehe 8 mwezi wa tatu 1974

Mama Ntumba, bibi yangu mupenzi,

Barua yako nimeipokea toka mukono ya mashinisti ya train. Nimeisoma nimesimama, katikati ya magunia ya makala, mpaka chef de gare, mukubwa yetu ya stesheni, akaniuliza kama kuna kifo. Nikamuambia hapana, ni bibi.

Kitanda ile nilimununulia mama yangu, Mungu amuweke pema. Weye ulikuwa haujaingia bado mu ukoo yetu, njo maana haukuiona. Niliituma na train, kisha lori, mpaka kwetu Ngandajika. Ni hiyo tu.

Sasa sikia muzuri. Deni ile ni maiti. Hapa tuko na muzee mumoja, alikuwa karani ya tribunal, ku mahakama, nimemuuliza. Anasema deni yenye hakuna mutu aliidai miaka mingi inalala, na mwenye kuidai anaogopa kuipeleka mbele ya juge. Lakini ukilipa hata likuta moja, pesa ndogo kabisa, ao ukitia mukono ku karatasi, umeiamsha weye mwenyewe. Njo ufundi yao. Banakuja na sauti ya pole: "Mama, lete kidogo tu, ya heshima." Ile kidogo njo ndoano. Usilipe. Usitie mukono. Muulize nani alimupa ruhusa, kisha umufungie mulango.

Na juu ya mulango: aliingia? Umeandika alibisha, umeandika alicheka, umeandika alitoa karte. Haukuandika kama alikaa. Alikaa ku kiti gani? Yuko na miaka ngapi? Mutu wa kutoza madeni anavaa viatu vya kung'aa vya nini, kwenda kwa bibi ya mutu?

Unijibu mbio.

Bwana yako,
Kabongo


Dilala, tarehe 13 mwezi wa tatu 1974

Citoyen Kabongo,

Mama yako! Mama yako mi njo nilimuogesha. Umesahau? 1969, Ngandajika. Alikufa juu ya mukeka. Ukatoka inje, ukalia mbele ya bajomba bako bote: "Mama, umekufa mi sijakununulia hata kitanda!" Nilikushika mukono. Nililia na mi. Leo unamulaza marehemu juu ya kitanda ya uongo, na haya hauna.

Aliingia, ndiyo. Alikaa ku kiti yako, hakuna ingine yenye miguu yote minne. Jumamosi amerudi. Yuko na miaka kama thelathini na mbili. Nilimupatia chai, juu ni mugeni, na ni mutoto wa kwetu, anasema Tshiluba, luga yetu ya Kasai, muzuri kukushinda. Alipitisha kidole ku nguo ya mama Tshiela akasema mishono yangu imenyooka, hajaona mashini kama yangu mu Dilala yote. Weye lini uliangalia mishono yangu?

Nilimuuliza ruhusa yake, namna ulisema. Alinionyesha karatasi ya duka na tampo. Nikamuambia deni imekufa. Akasema: "Mama, pengine. Lakini kuna kitu nyuma ya karte." Nyuma, duka iliandika kitanda ilipelekwa mahali gani, na kwa jina ya nani. Alikuwa ameifunika na kiganja yake. Anataka pesa, zaire moja, na nitie mukono ku risiti. Halafu ataondoa kiganja.

Bado sijamupatia. Siku ya posho anarudi. Mbele ya siku ile, jina itoke mu kinywa yako weye mwenyewe. Jina yenye umenipa nitaimeza, hata kama ni chungu. Yenye nitanunua, sijui nitaifanya nini.

Bilonda


Mutshatsha, Ijumaa tarehe 15 mwezi wa tatu 1974

Mama Ntumba,

Train ya leo haikutoka, lokomotivi imekufa hapa mbele yetu. Barua hii itaondoka Jumatatu, hakuna namna ingine. Ninaandika na haraka kama vile haraka itasaidia.

Usitie mukono! Ninakuomba juu ya batoto.

Nilidanganya juu ya mama. Kweli ni hii. Kule Tenke kulikuwa rafiki yangu, Mukalay, mwalimu wa misheni. Unajua desturi ya wakati ule: duka ilikuwa inakopesha batu ba mugodi tu, wenye numero ya kazi. Basi mwenye numero anaiazima rafiki yake mwenye hana. Bengi balifanya hivyo, redio, mashini, bisikleti, kila kitu. Mukalay alitaka kuoa, akaniomba numero yangu, nikatia mukono. Alikuwa analipa kupitia mi, kisha akaacha. Nilikuficha juu niliona haya kuitwa mujinga. Basi, umejua yote.

Lakini ku kiti yangu! Na mi huku ninakunywa chai bila sukari, sukari yangu mutu mwenye mukoba anaikoroga pale, anapitisha kidole ku nguo! Leo ni nguo ya Tshiela, kesho itakuwa nguo gani? Mwanaume hasifu mishono, Bilonda. Mi ni mwanaume, ninajua.

Akija kesho, uwe haupo.

Kabongo


Dilala, tarehe 17 mwezi wa tatu 1974

Kabongo,

Train ya Ijumaa haikufika, na barua yako haikufika. Nilingoja ku gare mpaka banafagia.

Jina nimeinunua. Zaire moja, pesa ya viatu vya Ntumba. Nikatia mukono, jina yangu yote, muzuri, namna masista balitufundisha. Akaondoa kiganja.

Godelieve. Mademoiselle Godelieve, kwa baba yake, nyuma ya misheni, Tenke.

Mademoiselle! Si bibi ya mutu, si dada, si shangazi. Binti mu nyumba ya baba yake, na kitanda ya batu babili inashuka mu lori mbele ya majirani bote.

Usinifundishe kama nimekosa, ninajua. Ulisema deni ni maiti, usiiamshe. Mi nimeiamsha. Ningeamsha hata makaburi yote ya Kolwezi juu ya kujua jina ile. Sasa ninaijua, na sijalala. Ninaisema na sauti ya chini wakati ninashona, na sindano inaniingia mu kidole.

Bilonda


Kolwezi, tarehe 25 mwezi wa tatu 1974

Kwa citoyenne Bilonda, Dilala
Kopi kwa citoyen Kabongo, gare ya Mutshatsha

Citoyenne,

Kufuatana na risiti ya tarehe 16 yenye mulitia mukono, deni ya kitanda imetambuliwa na nyumba yenu. Pamoja na adhabu ya kuchelewa, yenye kubaki ni zaire thelathini na nane.

Kama haijalipwa, tarehe 13 mwezi wa ine, saa tatu ya asubui, nitafika na babebaji babili kukamata kitu chenye bei ya kutosha. Nimeona mashini ya kushona. Kama bwana yenu anapenda kitu ingine ikamatwe, yeye mwenye karte anaweza kuchagua, aniandikie.

Mupokee heshima zangu.

Badibanga, encaisseur

Asante tena kwa chai. Hakuna nyumba ingine mu kazi yangu banaipika vile.


Mutshatsha, tarehe 30 mwezi wa tatu 1974

Bilonda,

"Hakuna nyumba ingine banaipika vile"! Ni barua ya deni ao ni barua ya uchumba? Na aliituma kopi kwangu, na mwandiko yake ya malaika, nisome mbele ya chef de gare! Alikunywa vikombe ngapi? Kimoja hakifundishi mutu kusifu.

Umetia mukono. Deni yenye ilikuwa inaoza peke yake, umeiogesha, umeivalisha, umeikalisha ku meza yetu, na leo inataka mashini yako. Na mi zaire thelathini na nane sina.

Godelieve ni bibi ya Mukalay, nilikwisha kukuambia, mu barua yenye ilichelewa. Kitanda ilikuwa ya ndoa yao. Hakuna kitu ingine. Usiende Tenke. Ninakukataza, kama bwana ya nyumba. Utapoteza nauli na utapata aibu.

Na huyo mutu asikanyage tena mulango yangu mbele ya tarehe 13.

Kabongo


Dilala, tarehe 7 mwezi wa ine 1974

Bwana ya nyumba,

Nimeenda Tenke.

Nilibaacha batoto kwa mama Tshiela, nikavaa kitambaa yangu ya kijani, ile ya sikukuu, nikapanda. Njiani nilikuwa ninaomba Mungu yule mwanamuke awe mubaya wa sura. Kisha nikaomba awe muzuri sana, juu angalau nijue nilishindwa na nini. Si mubaya, si muzuri sana. Ni mwanamuke tu. Anafua nguo za misheni, mikono yake inanuka sabuni. Yuko na pengo ya meno ya mbele, na wakati anacheka anafunika kinywa na mukono.

Ile njo iliniua. Toka siku ya kwanza ya ndoa yetu, mi nikicheka, unaniambia: "Funika kinywa, Mama Ntumba." Mi meno yangu yote iko. Nilizani ni adabu ya kwenu. Kumbe miaka yote hii ulikuwa unanifundisha kuwa yeye!

Alinipikia bukari ya mahindi na samaki, hajui hata mi ni nani. Nikamuambia ninafuata habari ya kitanda. Akaniingiza mu chumba. Nimeiona. Chuma nyeupe, na mipira mine ya shaba ku pembe, anaipangusa na ndimu kila Jumamosi. Batoto batano balizaliwa juu yake. Nilitia mukono ku matela, resori ikalia. Nilitaka kulala chini pale nilie kama mutoto.

Mwalimu Mukalay akarudi toka masomo. Nikamusalimia, nikamuuliza rafiki yake Kabongo. Akasema: "Kabongo gani?" Hajawahi kukuona na macho! Mwongo weye, Stani, kweli, hata kama ungesomea uongo ungepata diploma.

Bibi yake alingoja bwana yake atoke, akaniambia mwenyewe, bila haya: "Kitanda ile? Stani aliileta wakati baba hajamujibu bado. Alitaka kunioa. Baba akasema hawezi kutoa binti kwa mutu wa Kasai. Stani akasema kitanda ibaki, mwanaume yeyote nitapata alale muzuri. Mwezi wa kumi na mbili nikaolewa na Mukalay." Alisema hiyo namna mutu anasema mvua ilinyesha. Anazani ulilipa yote zamani. Kisha akaniuliza: "Weye ni dada yake?" Nikasema ndiyo, ni dada yake.

Sasa, Kabongo. Badibanga anakuja tarehe 13, na aliandika mwenye karte njo anachagua. Kuna mashini ya Dilala, inalisha batoto bako bane wakati mushahara yako inachelewa. Kuna kitanda ya Tenke, batu banalala juu yake hawajui kitu. Chagua. Muandikie. Mi nitajua ulichagua nini wakati babebaji batabisha hapa, ao hawatabisha.

Sitakuandikia tena mbele ya siku ile.

Bilonda


Mutshatsha, tarehe 10 mwezi wa ine 1974

Mama Ntumba,

Sikuchagua. Nimelipa yote. Jana Badibanga alipita hapa na sanduku yake, hapa kuna bengine bako na karte. Nimeuza bisikleti na redio, chef de gare aliniazima yenye kubaki, nitaifanyia kazi miezi mitatu. Risiti iko ndani ya barua hii. Mashini yako hakuna mutu ataigusa, na kule Tenke hakuna mutu ataamshwa.

Umeniuliza ni nani, nikakupa uongo mbili. Ya tatu sina.

Nilimupenda. Nilinunua kitanda mbele ya kupewa jibu, kiburi ya kijana mwenye mushahara. Wakati baba yake alinikataa, niliona haya kuirudisha ku duka, batu balikuwa bamekwisha kujua. Nikaiacha kwake na maneno makubwa, namna amekuambia. Nikalipa mwezi kwa mwezi, nikijiona mutu mwema. Mwezi wa tatu 1965, mutu wa Tenke akaniambia na furaha: binti ya muzee amepata mimba. Siku ya mushahara nilienda mpaka ku mulango ya duka na pesa mukononi. Nikafikiri ninaenda kulipia kitu gani. Nikageuka. Zile pesa nilizikunywa, na za mwezi wenye kufuata, na wenye kufuata. Sikukosa pesa hata siku moja, Mama Ntumba. Ilikuwa wivu. Kwa wivu ile tu njo karte ilibaki mu sanduku miaka yote hii, mpaka ikakufikia weye.

Jana, wakati Badibanga anahesabu, nilingojea roho iniume kama zamani. Haikuuma. Nilisimama pale ninaitafuta maumivu, haiko. Kisha akafunga mukoba yake, akaniambia: "Umusalimie Bilonda." Bilonda! Hakusema bibi yako, hakusema Mama Ntumba. Jina yako, wazi, mu kinywa yake, kama vile yeye njo alitoa mahari. Nilitetemeka mpaka nikashika ukuta. Nilitaka kumutupa mu reli na karte zake zote. Njo pale nilijua wivu yangu siku hizi inaishi nyumba gani.

Juu ya kucheka: sikujua. Ninaapa ku kaburi ya mama, na safari hii ninaapa kweli. Cheka namna unataka.

Basi imekwisha. Hatuna deni tena, hakuna mutu atabisha kwetu. Mwisho wa mwezi nitapata ruhusa, nitafika.

Stani yako


Dilala, Pasaka, tarehe 14 mwezi wa ine 1974

Stani,

Risiti nimeiona. Barua nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Pale mahali ya ukuta na kutetemeka, nilisoma mara nyingi kupita pengine, sitakuficha. Badibanga alipita jana kuaga, hakuna deni, hata hivyo alikaa. Sikumupatia chai. Ninakuambia juu upate usingizi. Hapana, nimedanganya: ninakuambia juu ujue alikuja.

Lakini mi roho ingali inauma. Yako ilinyamaza, yangu hapana. Kila ninafumba macho ninaona ile mipira ya shaba. Na unaandika: hatuna deni tena. Hiyo njo ilinisimamisha. Nilikaa, nikafikiri, na nikakumbuka kuna moja ya zamani kushinda ya duka, na hakuna Badibanga anaifuata.

Mbuzi ya mama yangu iko wapi?

1965, ulikuja Mwene-Ditu na bajomba bako. Mulileta pesa, mulileta vitambaa, baba akapokea. Mbuzi ya mama, ile ya kushukuru mugongo wake, sababu alinibeba, ulisema: mwaka ujao. Mwaka ujao ukasema Ntumba amezaliwa. Kisha ukasema umebadili kazi. Kisha haukusema kitu tena. Mama yangu hajui kuandika. Hana karte, hana tampo, hana mutu wa mukoba. Amenyamaza, na banawake benzake banamuuliza kila sikukuu kama binti yake alitolewa bure. Yule wa Tenke alipata kitanda, hata baba yake hajafungua kinywa bado. Mama yangu, hata mbuzi! Na nimehesabu miezi yako, Stani. Ile 1965 yenye ulikuwa unakunywa pesa ya kitanda, ni mwaka moja na ile ulisema mbuzi imekushinda. Ulimuonea Mukalay wivu mpaka ukakunywa mbuzi ya mama yangu.

Basi, mi njo encaisseur yako. Kesho ninapanda train na batoto na mashini, ninaenda kukaa kwetu. Ufunguo ya mulango nimemupa mama Tshiela. Usinitumie pesa, sitaki. Usitie mukono ku karatasi, sitaki. Ninataka mbuzi jike, anatembea na miguu yake, na weye nyuma yake unashika kamba, mutaa yote inaona. Siku unafika usiniite mi. Uite mama yangu, yeye njo uko naye deni.

Njia unaijua. Kwenda Kasai unashuka Tenke, unabadili train. Ile ya pili inachelewa, masaa tano, sita. Misheni inaonekana kutoka ku gare, nilikaa pale ku benchi, nikaangalia. Hakuna mutu atakuchunga.

Bilonda


TELEGRAMU
Kamina, tarehe 26 mwezi wa ine 1974
Kwa Bilonda, kwa mama yake, Mwene-Ditu

NIKO KAMINA NA MBUZI STOP MBUZI MUZIMA ANAKULA SHATI YANGU STOP NINAFIKA KESHO STOP TENKE TRAIN ILICHELEWA MASAA TISA STOP SIKUTOKA KU GARE STOP STANI